Chini ya mwembe hapaoti kitu?

Msomaji mmoja kutoka pembezoni mwa Wete, Pemba, ameniandikia hivi, nami nimemfupisha kidogo:

"Nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe na mfenesi, yote ya marehemu babu. Chini yake hapaoti kitu. Nimejaribu nyasi mara mbili, zimekufa. Mvua ikinyesha udongo unateremka mpaka barazani, na mizizi ya mwembe imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Jirani amenipa tawi la ule mmea wenye majani ya kung'aa, sisi tunauita ua la plastiki, akaniambia kila jani likichomekwa linaota. Nimechomeka majani kumi na moja mwezi wa Novemba. Leo ni mwisho wa Januari, hakuna hata moja lililochipua. Mume wangu anasema hata yakiota yataleta nyoka, na shemeji kaongeza kuwa yana sumu. Nifanyeje?"

Dada yangu, nianze na hayo majani kumi na moja, maana nahisi umeshaushika ufagio tayari kuyazoa. Usiyazoe. Chukua kijiko cha chai, chagua jani moja la pembeni, chimba kwa mbali kidogo ulinyanyue pamoja na udongo wake, kisha upukute udongo taratibu kwa ncha ya kidole. Tazama pale kikonyo kilipozama. Kwa joto la kaskazi na wiki kumi ulizongoja, natarajia utakuta uvimbe wa rangi ya maziwa au hudhurungi nyepesi, mdogo kama choroko, pengine umefika kunde, na vizizi viwili vitatu vinene vimetoka chini yake. Hicho ni kiazi. Mmea huu hauanzi kwa kuchipua, unaanza kwa kuweka akiba. Chipukizi haliji mpaka kiazi kishibe, na kushiba kwenyewe kunaweza kuchukua miezi minne, miezi sita, mara nyingine mwaka mzima. Jirani yako hakukudanganya, ila hakukumalizia maneno.

Wengine hukata tamaa wanapoona jani walilochomeka linageuka manjano na kusinyaa kabla hakijatokea kitu juu. Jani la mmea huu ni ghala la maji, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji matupu, na hayo pamoja na chakula kilichomo hushushwa kwenye kiazi. Likisinyaa kikavukavu, kazi yake imekwisha na kiazi kiko salama chini. Likilainika kama ndizi iliyopitiliza na kutoa harufu, hilo limeoza, na mara nyingi mwenye kosa ni mkono wetu wa kumwagia maji.

Jina la ua la plastiki nimelipenda na sitalibadilisha. Wataalamu wanauita zamiokulkasi, na ni ndugu wa majimbi. Si kichaka chenye kigogo. Unachokiona kimesimama juu kama tawi, wataalamu wanasema lote ni jani moja, na yale tunayoyaita majani ni vipande vyake. Mimi nitasema tawi na jani kama tusemavyo sote. Kigogo chake hasa kiko chini ya udongo, kinene na kimelala, kinafanana na jimbi lililobanwa.

Watu wanaununua mjini wakidhani umeletwa kutoka Ulaya, nami hucheka. Kwao ni huku huku, kuanzia Kenya, Tanzania Bara na visiwa vyetu hivi, hadi Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini. Wazungu waliuandika katika vitabu vyao mwaka 1829, ukakaa miaka mingi bila kushughulikiwa, hata kufika kama 1996 vitalu vya Uholanzi vikaanza kuuzalisha kwa wingi na kuupeleka maofisini dunia nzima. Huko nje wako wanaouita kito cha Zanzibar. Kito kimerudi nyumbani kimevishwa chungu cha plastiki, sisi tunakishangaa. Wala si cha kwanza: yale maua laini ya kivulini yanayotoa rangi nyekundu na waridi mwaka mzima, Sir John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza hapa Unguja, aliyapeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na mwaka 1882 yakapewa jina la Sultani wa Zanzibar. Siku hizo sultani alikuwa Seyyid Barghash. Jina hilo limeshabadilishwa, lakini ua bado liko madirishani kwa watu.

Nimerefusha hayo kwa sababu moja. Mmea uliozoea msitu wa pwani, kivuli cha miti, mawe na miezi ya ukame hauhitaji kubembelezwa chini ya mwembe. Hapo ni kwao.

Sasa tuje kwenye kiwanja chenyewe. Umeandika kwamba hapaoti kitu, na najua unakisingizia kivuli. Kivuli kimo, lakini si mkosaji mkubwa. Wa kwanza ni kiu. Mizizi ile myembamba ya mwembe inayokunywa maji iko juu juu, ndani ya udongo wa shubiri moja au mbili, na mvua ndogo inaishia majanini haifiki chini. Nyasi haziwezi kushindana na mlaji huyo. Wa pili, na utanisamehe, ni ufagio wa chelewa. Kila alfajiri kiwanja kinafagiwa mpaka kinabaki na michirizi mizuri kama kitambaa kilichofumwa, na kila alfajiri ufagio unaondoka na majani makavu, mboji changa, na vumbi la udongo wa juu. Zidisha kwa miaka thelathini. Halafu inakuja masika, na Pemba mnapata mvua nyingi kuliko sisi wa Unguja, matone makubwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya mwembe, yanapiga ardhi tupu, udongo unateremka barazani. Hiyo mizizi haikutoka nje, dada yangu. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Najua ninachokigusa. Kiwanja kisichofagiwa kwetu ni aibu ya mwenye nyumba, na mama mkwe akipita hasemi na mtu, anatazama tu. Ndiyo maana napendekeza mmea huu na si maneno. Ukishafunika chini kwa majani ya kijani, majani makavu ya mwembe yatadondokea katikati ya matawi, hayataonekana, yataoza pale pale na kuurudishia mti kilicho chake. Wewe utafagia mpaka ukingoni, hapo basi. Panga mawe ya matumbawe au vifuu vilivyofudikizwa kuonyesha mpaka, na kila mgeni ataelewa kwamba mle ndani ni bustani na nje yake ni uwanja.

Usijaribu kuifukia mizizi kwa lori la udongo. Nimeona miembe mizuri ikifa polepole kwa sababu mtu alimwaga kinongo futi nzima hadi kifuani mwa kigogo. Gome likabaki na unyevu, likaoza, na mizizi ikakosa pumzi. Tandaza majani makavu na samadi iliyooza sawasawa unene wa vidole viwili tu kila mwaka, na acha duara la hatua moja kuzunguka kigogo bila kitu.

Kuhusu sumu, shemeji yako hakukosea ila amekuza. Mmea huu una sindano ndogo sana zisizoonekana, zile zile zilizomo kwenye majimbi mabichi. Unajua jimbi lisiloiva linavyowasha koo? Ni hivyo hivyo. Mtoto akitafuna atalia, midomo itamwasha na pengine kuvimba. Mtoe yaliyomo mdomoni, msukutue kwa maji, mpe kitu baridi anywe, na akivimba sana au akipata taabu ya kupumua mpeleke hospitali. Mbuzi nao wasifungwe karibu. Ukikata matawi mengi vaa glavu au nawa mikono kabla ya kujigusa macho, maana utomvu huwakera baadhi ya watu. Zile habari zinazozunguka kwenye simu kwamba kuukalia karibu kunaleta saratani ni uzushi, na mtoto asiyeutafuna hapati madhara.

Nyoka, mume wako ana hoja. Nyoka hafuati majani, anafuata panya na chura, nao wanapenda penye maficho. Kwa hiyo usiupande ukagusa ukuta wala ngazi za mlango. Acha ukanda uliofagiwa wa hatua mbili kuizunguka nyumba, acha njia pana ya kwenda chooni na kisimani, wala usirundike makumbi na mbao kuukuu katikati ya bustani. Mabaki ya chakula yasimwagwe huko. Afadhali kidogo kwamba mmea huu husimama wima na chini yake hubaki wazi ukauona udongo, tofauti na vitambaavyo vinavyolala kama godoro.

Tufanye hesabu ya miche. Tuseme sehemu unayotaka kuifunika ina mita nne kwa tatu. Ukipanda kila sentimita arobaini na tano, unahitaji miche kama sitini. Tawi lililokomaa lina majani kumi na mawili hadi kumi na sita. Basi matawi sita tu ya huyo jirani yako yanakutosha kwa sehemu nzima, pamoja na yatakayooza. Muombe matawi ya kijani kilichokolea, magumu, si yale machanga yenye kijani cha mgomba mpya.

Ng'oa kila jani kwa kulivuta chini polepole ili litoke na kikonyo chake kidogo, au likate kwa kisu kikali ukiacha kikonyo. Kikonyo ndicho kinachogeuka kiazi. Jani lililokatwa katikati nalo huweza kuota, lakini linachelewa na kuoza ni rahisi. Yatandaze kwenye ungo kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke. Hatua hii watu huiruka wakidhani wanawahi, kumbe wanapanda jeraha bichi kwenye unyevu wa Pemba.

Udongo wa kuchomekea usiwe na rutuba. Mimi natumia nusu kichanga kigumu cha shimoni na nusu usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliokatwakatwa, na nikipata chenga za mkaa natia konzi mbili kwa ndoo. Sasa sikiliza kisa cha usumba, maana huu ndio ulionitia adabu. Mwaka mmoja nilichukua usumba kwa kina mama wanaosokota kamba, mzuri, laini, nikaujaza kwenye viriba na kuchomeka majani mia mbili siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu ncha zote zimekuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Nikalaumu jua, nikalaumu kijana wa kumwagilia, nikahamisha viriba mara mbili. Siku moja nikaulamba. Chumvi! Makumbi yale yalikuwa yamefukiwa miezi kwenye tope la pwani ili yalainike, kama yafanywavyo siku zote, na mimi wala sikufikiri. Tangu hapo usumba naroweka kwenye beseni, nabadilisha maji ya kisima mara nne kwa siku mbili, na kabla ya kuutumia naonja. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa kwa sababu hiyo hiyo.

Chomeka jani wima, kikonyo chini, lizame kiasi cha kifundo kimoja cha kidole. Kwenye beseni kuukuu lililotobolewa chini yanaingia arobaini bila kusukumana. Mwagia mara moja, kisha usimwagie tena mpaka ukichomeka kidole kikatoka kikavu hadi kifundo cha pili; kwa kaskazi hiyo ni kama siku sita au saba, kwa masika yaingize barazani uyasahau. Usiyafunike kwa nailoni kama wanavyoonyesha kwenye video. Wale wana hewa kavu, sisi hewa yetu peke yake ni blanketi. Mwanga uwe wa kutosha kusoma barua bila taa, ila jua la saa sita lisiyafikie.

Haya kumi na moja ya kwako hukuniambia umeyachomeka wapi. Kama ni moja kwa moja chini ya mwembe, yaache yakae, yana nafasi yake, ila yatachelewa. Kama ni kwenye kopo lisilo na tundu, yatoe leo.

Ukiwa huna subira, na nani anayo, iko njia ya pili. Shina lililojaa la miaka mitatu minne litoe lote kwenye chungu, gonga udongo udondoke, na utaona lilivyogawanyika lenyewe katika mafundo, kila fundo na matawi yake. Tenganisha kwa mikono, na panapokataa tumia kisu. Shina moja hutoa vipande vinne hadi vinane. Paka majivu kwenye vidonda, acha siku moja, panda. Hivyo vinasimama palepale kama mche mkubwa. Ningekuwa mimi, ningepanda vipande kumi au kumi na viwili vya namna hii mwanzo wa masika, mwezi wa Machi au Aprili, mbele kabisa pale maji yanapoteremkia barazani, na kuacha vya majani viingie nyuma vuli inayofuata vikiwa vimepata tawi la pili.

Jembe liache ghalani siku ya kupanda. Chukua mtaimbo au ncha ya panga, tafuta mifuko ya udongo katikati ya mizizi, na chimba kishimo cha ukubwa wa kifuu. Ukikuta mzizi mnene kuliko dole gumba, sogea, usiukate. Mistari isikuhangaishe, miti haikupanga mizizi yake kwa kamba. Tia konzi ya samadi iliyooza, weka mche ili kiazi kifunikwe na udongo wa sentimita mbili tatu tu, tandaza majani makavu. Kama udongo wa hapo ni kinamo unaotuamisha maji, inua kishimo kiwe kituta kidogo. Mwagilia mara moja kwa wiki miezi miwili ya mwanzo kama mvua haipo, kisha achana nao. Kaskazi ikiwa kali huenda ukapukutisha majani, usilie. Kiazi kiko hai, na majani yaliyodondoka kivulini, mengine yatatoa mizizi yenyewe hapo yalipoangukia. Msituni huzaana hivyo hivyo bila bwana shamba.

Adui mkubwa si mdudu, ni kuku. Kuku wakiona majani makavu na samadi wamepata harusi. Laza makuti mabichi kati ya miche kwa miezi mitatu ya mwanzo, au zungushia matawi ya ndimu.

Ungependa kuchanganya? Pembeni kunakoingia jua la asubuhi, tia zile katani fupi za mwituni zenye mabaka, zinaota hata kwenye maweni. Mojawapo ina jina la Kirk yule yule. Ila ukipewa kile kitambaacho chenye maua ya njano ambacho watu hukipenda bustanini kwa haraka yake, widelia, kikatae kwa adabu. Kinatia mizizi kila pingili inapogusa ardhi, na kimo katika orodha ya viumbe mia moja wavamizi wabaya duniani. Mvamizi huanza kama msaidizi: kunguru nao waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka tu. Na chini ya mikarafuu, kama mnayo, usipande kitu. Siku za kuchuma mtahitaji ardhi safi ya kutandika majamvi na kuokota.

Kwa mwembe unaweza kuzunguka wote. Kwa mfenesi acha nafasi ya jamvi mbili pale mafenesi yanaponing'inia na njia ya mtu kupita na panga, maana fenesi la kilo kumi na tano likiachia halichagui pa kuangukia. Likivunja tawi la ua la plastiki, liokote upesi kuku hawajalikanyaga. Hapo mkononi una majani kumi na sita.